Re: Kikao cha chama na saa iliyoruka

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Jumapili ile ya mwisho ya Machi wazee nyumbani waliingia kwenye simu saa mbili usiku kama tulivyoagana, wakakuta michango imeshasomwa na watu wanaagana. Mama mmoja alidhani tumemficha jambo. Kosa ni la skripti (programu ndogo ya kupanga miadi) niliyoandika mimi, naomba radhi.

Miadi niliifunga kwa saa za Uingereza, saa kumi na moja jioni. Wakati wa baridi London iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa tatu, kwa hiyo nyumbani inakuwa saa mbili usiku. Sasa, Jumapili hiyohiyo ya mwisho ya Machi ndiyo saa za huku Uingereza husogezwa mbele. Tofauti ikabaki saa mbili, na kikao kikaangukia saa moja. Nyumbani saa hazibadilishwi, basi kikao tukifungie huko, kwa mistari hii ya faili la kalenda (DTSTART ni mwanzo wa miadi, TZID ni eneo la saa, RRULE ni kanuni ya kurudia):

DTSTART;TZID=Africa/Nairobi:20260426T200000
RRULE:FREQ=MONTHLY;BYDAY=-1SU

Hiyo 20 ndiyo saa mbili yetu ya usiku, maana kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane. Ukiandika 02 utawaamsha watu saa nane za usiku. Na -1SU ni Jumapili ya mwisho ya mwezi.

— Ndugu yenu, Reading, Uingereza

Asante kaka. Huku Minneapolis, Marekani, saa husogezwa mapema zaidi, Jumapili ya pili ya Machi, na hurudishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kikao kwetu ni saa tano asubuhi wakati wa baridi, saa sita mchana wakati wa joto. Nina swali: kikumbusho changu cha kodi ya nyumba nimekiwekea BYMONTHDAY=31, yaani tarehe 31 ya kila mwezi. Februari hakikulia, na Aprili naona hakimo. Nimekosea wapi?

Dada, ni mimi tena wa Reading: mwezi usio na tarehe 31 unarukwa mzima, hakisogei hadi 30. Weka BYMONTHDAY=-1, hiyo ni siku ya mwisho ya mwezi wowote, Februari ikiwemo.

Faili jipya la kalenda nimeliambatisha. Futeni kwanza miadi ya zamani, isije ikalia mara mbili. Wenye wazazi wasiotumia kalenda, tafadhali wapigieni Jumamosi.