Jazz ya laivu Mji Mkongwe, mtu anaanzia wapi?

bint_wete
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mie kwetu Wete ila kwa sasa nipo Unguja kwa masomo, nakaa kwa khalati Mwanakwerekwe. Jazz naisikiliza kwenye simu muda mrefu sasa, Coltrane, Monk, Abdullah Ibrahim wa Afrika Kusini, na nimefika pahala nataka kuwaona watu wanapiga mbele yangu, nione vidole vinakwenda vipi kwenye besi. Wenzangu chuoni wananambia nenda tu Mji Mkongwe mahoteli yote yana muziki, lakini kila nikipita nakuta kijana na gitaa anaimba zile nyimbo za wageni, anaimba vizuri mashallah ila sicho ninachokitafuta.

Jengine ni kuwa mie sinywi na sipendi kukaa baa, na khalati hawezi kukubali nirudi usiku wa manane. Nitakwenda na kaka yangu, mtoto wa ami. Sasa je, ipo jazz hapa ya mtu kama mie? Wapi na siku gani? Na bei zikoje maana mwanafunzi hali yake mnaijua.

fidla_ya_vuga
Waalaykum salaam bi dada. Ipo, lakini usiitafute kwa jina la hoteli, itafute kwa jina la bendi. Mahoteli yanabadilisha mipango kila msimu, leo Alkhamis kuna bendi kamili, ukirudi baada ya miezi miwili meneja mwengine na kuna DJ. Wapigaji ndio wale wale, wanahama tu kutoka paa hili kwenda paa lile, kwa hiyo ukimjua mpigaji umeijua jazz ya mji huu.

Anzia DCMA, yaani Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki kipo Mji Mkongwe tokea 2002. Pale mtoto anasomeshwa ala za taarabu, udi na kanuni za nyuzi, fidla na ngoma ya dumbak, na pembeni kuna mwenzake anajifunza gitaa au drams, wanakutana ukumbini wanapiga pamoja, na hapo ndipo jazz yetu ilipozaliwa kusema kweli. Tarajazz wametokea kwenye njia hiyo, jina lenyewe linakwambia, taarabu na jazz. Siti & The Band pia, yule Siti Amina anapiga udi na kuimba, sio jazz tupu lakini ukiipenda Abdullah Ibrahim utaelewa wanakwenda wapi. Wafuate Instagram, wenyewe huweka wiki hii wanapiga wapi, kuliko kuniuliza mie siku gani nikakwambia Jumanne ukenda ukakuta viti vimepinduliwa.

Na chuo kikiwa na onesho la wanafunzi usikose, hakuna baa, watu wanakuja na watoto wao, na unakaa karibu kiasi cha kumsikia mpigaji akivuta pumzi.

Abuu Mkunazini
Mwanangu karibu Unguja. Mimi ni mtu mzima, nitakupa ushauri wa mtu mzima. Kabla hujatafuta saksafoni, nenda kasikilize taksimu. Taarabu yetu ya zamani, ile ya vikundi vya Ikhwani Safaa walioanza 1905 na Culture Musical Club walioanza 1958, mpigaji huachiwa peke yake kabla ya nyimbo, wenzake wote kimya, anaingia kwenye maqamu, yaani ngazi ya sauti, anaitembeza anavyojua yeye, hakuna karatasi, hakuna alichopanga jana. Leo atakwenda hivi, kesho vyengine. Unayoipenda kwa Coltrane ndiyo hiyo hiyo, mtu anafikiri kwa ala mbele ya macho yako.

Culture klabu yao ipo Vuga. Jioni wakiwa kwenye mazoezi bisha hodi, toa salamu, omba kukaa kitako usikilize, watu wa pale wamezoea wageni na hawana makuu. Angalia mpigaji wa kanuni. Kila sauti ina nyuzi tatu tatu, na ubavuni kuna vibati vidogo vya chuma, mkono wa kushoto unavinyanyua na kuvishusha katikati ya nyimbo ili sauti ipande au ishuke robo, na mkono wa kulia haujasimama hata kidogo. Hilo kwenye simu hulioni.

Na ukirudi nyumbani mtafute Ahmed Abdul-Malik. Alikuwa mpiga besi wa Monk, bwana huyo huyo unayemsikiliza, na akipiga udi vilevile. Mwaka 1958 alirikodi Jazz Sahara, kuna kanuni mle ndani, kuna fidla, na Johnny Griffin na saksafoni yake. Sisi wa Unguja tukiisikia hiyo haitushangazi hata kidogo, tunahisi tumeshafika.

swing_tu
Kwa heshima zote mzee wangu, lakini mwenzetu kauliza jazz. Taksimu ni kitu kikubwa sana sibishi, ila mtu anaetaka kusikia besi inatembea, noti moja moja bila kusimama, na drams ya brashi ukimpeleka kwenye mazoezi ya taarabu atarudi na kiu yake. Tuseme ukweli Zanzibar jazz ya namna ile ni haba, kuna wapigaji wazuri lakini wachache na mara nyingi wanalazimika kupiga vile meneja anavyotaka, wageni wanakula pweza wanataka muziki wa chini chini. Mie ningemwambia asubiri Februari, Sauti za Busara, Ngome Kongwe. Tokea 2004 wanaleta bendi kutoka Afrika nzima, unapata tarumbeta na saksafoni za kweli na jukwaa la kweli, na Mtanzania tiketi yake ni rahisi kuliko ya mgeni. Siku ya ufunguzi kuna gwaride linapita mitaani bure kabisa, hata khalati anaweza kwenda.

fidla_ya_vuga
@swing_tu hapo kwenye meneja umesema kweli na inaniuma kila siku. Lakini kumwambia mtu asubiri Februari ni kumnyima miezi kumi na moja. Halafu hizi mbili, taarabu na jazz, haziko mbali kama unavyofikiri, tatizo lake ni la kiufundi na ndilo tamu lenyewe. Piano haina robo sauti, ile inayokaa katikati ya vitufe viwili vinavyofuatana. Ukiwa na kinanda jukwaani huwezi kupiga maqamu kama bayati wala rasti sawasawa, kinanda kitagombana na fidla mpaka mwisho. Ndio maana bendi za mchanganyiko utazisikia sana kwenye nahawandi na hijazi, hizo piano inazimudu, na nahawandi ni jirani kabisa wa maina (minor) ya kizungu kwa hiyo mtu wa gitaa anajua kodi zake (chords) zinakaa wapi. Bendi ikiwa jasiri inamtoa mtu wa piano kwa nyimbo moja, inabaki besi, dumbak na fidla, hapo fidla inaingia bayati na besi inatembea chini yake. Bint_wete siku ukisikia hivo kaa usiondoke.

Na kidumbak pia usikipite. Kile kikundi kidogo cha harusini, fidla, dumbak mbili, mkwasa yaani vijiti vya kugonga, cherewa za kutikisa, na sanduku, yaani boksi la mbao na fimbo na uzi mmoja. Yule wa sanduku anavuta fimbo uzi unakaza sauti inapanda, analegeza inashuka, anacheza na besi kwa uzi mmoja tu. Nimewaona wapiga besi wa nje wamechuchumaa mbele yake wanamtazama mkono.

ummu_S
Mdogo wangu mie nakujibu upande wa khalati maana hao kaka zako wameshika muziki tu. Mapaa ya mikahawa Mji Mkongwe si yote baa, mengi ni pahala pa chakula, mtu anaagiza juisi ya ukwaju au chai ya tangawizi anakaa, hakuna anaekuuliza. Pombe utaiona meza ya jirani, hilo sikufichi, wewe pima mwenyewe. Ila piga simu kwanza uulize vitu viwili, kama muziki una kiingilio au unalazimishwa kula seti nzima ya chakula cha usiku, kwa sababu hapo ndipo pesa ya mwanafunzi inapoishia. Kawaida wanaanza baada ya isha, ukikaa seti ya mwanzo ya muziki tu umeshasikia kitu na saa nne kasoro upo njiani. Mkubaliane kabisa na mtu wa bodaboda au teksi kabla, daladala za usiku usizitegemee.

Ramadhani karibu hakuna kitu mji mzima, na masika Aprili na Mei mahoteli mengi yamefunga au yamepunguza, panga nje ya hapo. Na ukiwa na chochote mtunze mpigaji mkononi mwake, usimpe mhudumu.

bint_wete
Mashallah sikutegemea majibu yote haya, ahsanteni sana, ahsante Abuu, ahsante dada. Nimemsikiliza Abdul-Malik usiku huu na kaka yangu ambae hajawahi kupenda jazz hata siku moja kanambia rejesha mwanzo. Tumekubaliana Vuga kwanza. Suala la mwisho, mazoezi pale tunakwenda baada ya alasiri au baada ya magharibi? Na mtoto wa kike akibisha hodi peke yake si vibaya?

Abuu Mkunazini
Si vibaya mwanangu, klabu ina waimbaji wanawake siku zote. Pita mchana mmoja umuulize utakaemkuta mlangoni wiki hii wanakaa saa ngapi, akikwambia ndio uje na kaka yako. Kaeni upande wa fidla.