Baba alikatwa uvimbe wa utumbo mpana, sasa umeota kwenye ini. Seli shina ni nini?

Mzabibu_Mpunguzi
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Niko Mpunguzi, nalima zabibu. Mzee wangu ana miaka 62. Alianza kutoa damu chooni, akapewa dawa za bawasiri miezi 7. Alipoingizwa kamera ndipo uvimbe ukaonekana, upande wa kushoto. Akakatwa, akatundikiwa dripu za kemo mizunguko 8, vipimo vikatoka safi. Tulichinja mbuzi. Sasa ni miezi 14, ini lina madoa mawili.

Daktari alitwambia zipo seli chache zinazolala dawa ikipita, akaziita seli shina za saratani. Akasema zinaamka kwa jeni "kufungwa na kufunguliwa", hata kama jeni yenyewe haijabadilika. Niliitikia kwa kichwa lakini sikuelewa. Jeni inafungwaje bila kuharibika? Na je, nimerithi? Nina miaka 41 na watoto watatu.

Binti_wa_Kongwa
Pole sana kaka, mfikishie mzee pole zangu. Nasomea mambo haya, nitajibu kwa shamba lako.

Ukishapogoa mzabibu, macho yanabaki yamelala kwenye kijiti. Jicho lina jeni zote za jani na za tunda, ila zimefungwa mpaka wakati wake. Mwilini ni vivyo hivyo: seli ya utumbo na ya ini za mzee zina DNA ileile. Kufunga ni kemia. Kidude kidogo kiitwacho methili hubandikwa kwenye DNA pale jeni inapoanzia, jeni haisomwi tena. Au DNA, iliyozungushiwa protini za histoni kama uzi, inakazwa: kimeng'enya EZH2 kikibandika methili kwenye histoni, jeni za hapo hunyamaza. Herufi za DNA hazijaguswa hata moja. Hiyo ndiyo epijenetiki.

Sasa utumbo. Ngozi yake ya ndani hujifanya upya kila baada ya siku chache, kazi ya seli shina, yaani seli mama zinazogawanyika kuzaa seli nyingine, zilizo chini ya vishimo vidogo sana. Mwaka 2007 kundi la Hans Clevers, Uholanzi, lilizitambua kwa alama ya LGR5. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza jeni ya APC ikiharibika kweli, amri ya WNT ya "gawanyikeni" ikabaki imewaka. Kisha methili hufunga jeni za SFRP, ambazo zingeipunguza amri hiyo.

Jaribio lililonikalia kichwani ni la 2017. Watafiti waliua seli zenye alama ya LGR5, yaani seli shina za saratani, ndani ya uvimbe wa panya. Uvimbe ulisimama kukua, haukuisha. Walipoacha kuziua, seli nyingine za uvimbe ziligeuka zikawa LGR5 upya. Kwenye ini ilikuwa tofauti: bila seli hizo, saratani iliyosambaa ilishindwa kushika.

Mzabibu_Mpunguzi
Sasa nimeona. Ni macho hasa. Kuna dawa ya kuzifungua hizo jeni?

Binti_wa_Kongwa
Azasitidini iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, lakini kwa ugonjwa wa uboho. Kwenye uvimbe wa utumbo dawa za aina hiyo hazijafanya vizuri hivyo. Mtu akikuuzia unga wa "kufungua jeni" pale Majengo, usitoe hata shilingi.

Nesi_AreaC
Kaka, la kurithi nijibu mimi. Methili za kwenye uvimbe wa mzee ni za uvimbe, hukuzaliwa nazo. Kinachorithiwa ni jeni iliyoharibika, mfano MLH1 katika ugonjwa wa Lynch, unaoleta saratani ya utumbo katika ukoo. Nyama ya uvimbe huwa inahifadhiwa kwenye nta; omba ipimwe kama protini ya MLH1 na wenzake zipo. Zikikosekana, wataangalia kama jeni imefungwa tu au imeharibika.

Wewe usisubiri jibu. Mtoto wa mgonjwa anashauriwa kupimwa utumbo kwa kamera kuanzia miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri mzazi aliougulia, inayotangulia. Umeshafika. Na madoa mawili ya ini mara nyingine hukatwa, kwa hiyo ulizeni daktari wa upasuaji, msirudi nyumbani na karatasi ya dripu peke yake.

Mzabibu_Mpunguzi
Nimeandika kwenye daftari: nta, upasuaji wa ini, kamera yangu. Jumatatu tunaingia mjini na mzee. Mdogo wangu wa Itigi ana 38, nimempigia, anasema hana dalili yoyote.

Nesi_AreaC
Mzee naye kuna siku hakuwa na dalili, na uvimbe ulikuwepo. Mwambie akifika 40 aje.