Mwenye sukari aache ugali, aache dawa, au aache kutusikiliza?

Baba Tasha: Wadau, nisaidieni. Kaka yangu mkubwa ana sukari mwaka wa tatu sasa, anameza metformini. Kuna jamaa kanisani kwao amemwambia aachane na ugali, chapati na mchele, ale nyama, mayai, parachichi na managu, halafu dawa atazitupa. Suruali zimeanza kumpwaya na anajisifu. Daktari hajaambiwa. Kweli mtu anaweza kuacha dawa kwa chakula tu?

Nduma Kavu: Anaweza. Uingereza walifanya utafiti, matokeo yakatoka 2017. Watu walipewa supu na vinywaji vya unga, kalori mia nane na kitu kwa siku, miezi mitatu hadi mitano. Mwaka ulipoisha, karibu nusu sukari yao ilikuwa sawa bila dawa. Hii ya "utameza mpaka kaburini" ni biashara ya watu.

Sista Mstaafu: Maliza hadithi basi. Wote walikuwa na sukari ya aina ya pili, waliipata chini ya miaka 6 nyuma, na hakuna aliyekuwa kwa insulini. Dawa zilisimamishwa na madaktari, si na jamaa wa kanisa. Mwaka wa pili ile karibu nusu ilishuka ikawa kama thuluthi. Na kilichosaidia ni kilo: waliopungua 15 na zaidi ndio wengi wao walifanikiwa. Baba Tasha, uliza kama anameza kitu kingine. Metformini peke yake si rahisi ishushe sukari kupita kiasi. Glibenklamaidi, tembe nyingine ya sukari, au insulini bila chakula cha kutosha, hapo sukari inashuka mno: ni jasho, kutetemeka, na anaweza kuzimia. Na wa aina ya kwanza, awe mtoto au mtu mzima, mwili wake hautengenezi insulini ya kutosha, kwa hiyo insulini haiachwi hata siku moja, ale nini asile nini.

Omosh wa Choma: Sista, heshima yako. Lakini tuambiane ukweli, mwanaume hapiki, anakula alichowekewa. Ukiona mzee wa boma ana sukari na kitambi, uliza nani anamwaga mafuta kwa chapati.

Mama Shiru: Weeee! Wangu anaingia saa nne usiku ameshashindilia choma nusu kilo, ugali kama ukuta, na soda mbili juu. Managu yangu nayakuta asubuhi yamefunikwa vilevile. Hiyo nayo niliimwagia mafuta?

Omosh wa Choma: Mimi sijataja mume wa mtu.

Mama Shiru: Umetaja chapati. Nani mwingine hupika chapati hapa?

Nduma Kavu: Mama Shiru, choma muache. Nyama haina wanga.

Mama Shiru: Na ukuta je? Na soda? Au nazo ni nyama?

Fundi wa Pipeline: Mko na raha nyinyi, mnabishana choma na parachichi. Sisi tuko chumba kimoja, meko moja, watoto watatu, na mama yangu ndiye mwenye sukari. Kliniki walimpa karatasi ya samaki wa kuchemsha na matunda ya kila aina. Nipike sufuria mbili na gesi hii? Tuliamua chakula kibaki kilekile, tubadilishe sahani. Nusu sukuma, ugali saizi ya ngumi, kando ndengu au omena. Unga tunasaga wa posho mill, haukobolewi, tunatia na wimbi. Chai haina sukari kwa nyumba nzima, watoto walilia wiki moja wakanyamaza.

Nduma Kavu: Wimbi ni wanga pia. Watu wanadanganywa na ugali wa kahawia, wanakula mlima mzima.

Fundi wa Pipeline: Nimesema ngumi, wewe umesoma mlima. Njoo Pipeline umlishe mama nyama kila siku, utuachie hata mifupa.

Sista Mstaafu: Fundi amesema kitu cha maana kuliko wote hapa na mnamrukia. Wimbi hupandisha sukari, ndiyo, lakini ngumi si sinia.

Omosh wa Choma: Kwa hiyo lawama yote ni ya wanaume? Mimi Jumapili huwa napika.

Mama Shiru: Unapika nini?

Omosh wa Choma: Nyama.

Mama Shiru: 😂😂 Ya kuchoma?

Omosh wa Choma: Na kachumbari. Hiyo si mboga?

Baba Tasha: Jamani, nimempigia kaka. Kuna tembe nyingine anameza, inaanza na "glibe". Na juzi alitetemeka kwa matatu, akadhani ni njaa.

Sista Mstaafu: Ndiyo hiyohiyo niliyotaja. Sasa hivi inasoma ngapi?

Baba Tasha: Hapimi. Ati vibanzi vya kupimia viliisha.

Sista Mstaafu: Usiku huu ale chakula chenye wanga, asilale peke yake. Akianza tena kutetemeka, maji ya sukari au soda ya kawaida haraka. Akipotewa na fahamu msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali. Asubuhi aende kliniki na tembe zote mkononi, na aseme ameacha nini.

Nduma Kavu: Hapo sasa mnamrudisha kwa wanga.

Omosh wa Choma: Mama Shiru, ile nusu kilo ilikuwa ya mbuzi ama ya ng'ombe?