Mnalinganisha Kanada na Marekani kwa listi ya majina, je makipa? Na Uswisi mmeiweka wapi?

Wakuu, nimevumilia tangu vikosi vya Olimpiki ya Milano, Februari 2026, vitangazwe, leo acha nitoe povu. Kila uzi wa hoki ya barafuni humu ni uleule. McDavid, MacKinnon, Makar na Crosby upande wa Kanada, Matthews, Eichel na ndugu wawili wa Hughes upande wa Marekani, mtu anajumlisha magoli ya NHL (ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini), anatangaza bingwa. Nchi 12 zinakwenda Italia, nyie mnazijua mbili!

Shida yenu mmeingia huku na akili ya soka. Kwenye soka nyota wako anakaa uwanjani dakika 90. Huku mshambuliaji anaingia, anakimbia chini ya dakika moja, anarudi benchi kuhema. Mchezo una dakika 60, na McDavid mwenyewe atacheza dakika ishirini na kitu hivi. Anayebaki barafuni mwanzo mwisho ni kipa, na ndiye hamumtaji kabisa. Baada ya makundi ni mechi mojamoja, ukifungwa dhahabu umeikosa. Hakuna mechi mpaka saba dhidi ya timu ileile za kujirekebisha kama kwenye mchujo wa NHL.

Mnabisha? Olimpiki ya Nagano 1998, Kanada ilikuwa na gwiji Wayne Gretzky. Ikakutana na Czech nusu fainali, ikaenda kwenye matuta, kipa wa Czech Dominik Hašek akapangua yote matano. Gretzky hata hakupewa tuta la kupiga, alikaa benchi akitazama. Czech ikachukua dhahabu. Salt Lake 2002, Uswidi ilishinda mechi zote za kundi, Kanada ikipigwa 5-2, halafu robo fainali ikatolewa na Belarus 4-3. Belarus! Shuti la mbali lilimgonga kipa Tommy Salo kichwani likadondokea golini. Kama hayo ni ya zamani, basi Mei 2025, ubingwa wa dunia: Crosby na MacKinnon wote wawili wamo kikosini, Denmark ikaitoa Kanada 2-1. Hiyo nayo ilijadiliwa humu siku ngapi?

Najua ugonjwa ulipoanzia. Ni yale mashindano ya Februari 2025, 4 Nations Face-Off. Montreal, Kanada na Marekani, mapigano matatu ndani ya sekunde tisa za kwanza, Marekani ikashinda 3-1. Siku tano baadaye Boston, McDavid akamaliza kazi muda wa nyongeza, Kanada 3-2. Ilikuwa burudani, sikatai, na siasa za Trump za kuifanya Kanada "jimbo la 51" la Marekani zilitia petroli. Lakini yale mashindano yalialika nchi nne tu! Czech, bingwa wa dunia wa 2024, hakualikwa. Uswisi hakualikwa. Leo mnayafanya kipimo cha dunia nzima.

Haya, tukiongelea makipa hao wa wakubwa wenu. Hellebuyck wa Marekani alibeba tuzo ya mchezaji bora wa NHL 2025, hakuna ubishi. Lakini mchujo wa msimu huohuo, akiwa na klabu yake Winnipeg, raundi ya kwanza dhidi ya St. Louis, alitolewa golini mara tatu. Na golini upande wa pili alikuwa nani? Binnington, huyuhuyu wa Kanada mnayemtukana, aliyeokoa jahazi kwenye fainali ya Boston. Msimu wa 2025-26 naye akawa anavuja. Hapo ndipo pa kujadili, badala ya kuniletea picha za Crosby na emoji za moto.

Na sasa Uswisi, maana hii ndiyo inaniuma. Ubingwa wa dunia, fedha 2024, fedha 2025. Ile fainali ya 2025 Stockholm walifungwa 1-0 na Marekani hiihii, tena muda wa nyongeza. Wana Josi, Hischier, Fiala, Meier. Kipa wao Leonardo Genoni, mzee wa miaka 37 wakati ule anayecheza ligi ya kwao, ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote. Humu ndani nyuzi zinazomtaja: sifuri. Ufini, bingwa wa Olimpiki ya 2022, naye anatajwa pale tu mtu anapotaka kusema nyota wao Barkov kaumia.

Halafu kuna mmoja kaniambia eti kwa kuwa naishi Kanada nikisema haya mimi ni msaliti. Ndugu yangu, nalipa kodi huku, sikuapa kushabikia.

Ratiba mmeiangalia lakini? Kanada, Czech na Uswisi wamepangwa kundi moja. Tarehe 12 Februari 2026 Kanada na Czech, kesho yake tu Kanada na Uswisi. Wenye listi zenu, wekeni hapa kipa gani anaanza siku ipi na kwa nini, tujadili.