Wenye viwanda vya kuviringisha chuma: badilisheni bomba la leyingi hedi, acheni kuwasingizia wavuta waya

Wakuu, heshima zenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikipitiliza. Hili jambo limetufika shingoni, na kila tukilisema kazini tunapigwa danadana.

Mimi ni opereta wa mashine ya kuvuta waya. Kwa wasioijua kazi hii: tunanunua waya mnene wa milimita 5.5 ambao unakuja umekunjwa kwenye maroli makubwa kutoka kiwanda cha kuviringisha chuma, sisi tunaita mili. Tunaupitisha kwenye dai, yaani vipande vigumu vyenye tundu, tundu moja baada ya jingine, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, mpaka ufikie unene unaotakiwa. Mwingine unakwenda kwenye mashine za misumari, mwingine unapelekwa tanuruni kulainishwa uwe waya wa kufungia nondo. Paa la nyumba yako lilivyosimama hapo, kuna jasho letu ndani yake.

Sasa hayo maroli tunayoletewa siku hizi ni takataka. Silitaji jina la mili, moderator asije akaufuta uzi, ila wanaojua wameshajua.

Unakata vifungio, unatafuta ncha, unaiunga na mwisho wa roli lililotangulia, unawasha. Pete za mwanzo zinakuja vizuri tu. Ghafla inakuja pete imepita chini ya wenzake, nyingine ndogo imejichomeka ndani ya kubwa, na mashine haijui hayo, yenyewe inavuta tu. Roli linanyanyuka, fundo linapanda mpaka kwenye jicho la kuongozea waya, linakaba, pa! Waya umekatika. Unazima. Unaingia na mkasi, unakata fundo, unaunga, unasugua kiungo kwa grainda, unawasha tena. Hujamaliza kufuta jasho, fundo lingine. Zamu nzima inaisha hivyo, na sisi tunalipwa kwa tani. Vipande vilivyokatwa vinapimwa vinaandikwa "chakavu cha opereta". Chakavu cha opereta! Kana kwamba mimi ndiye niliyekunja roli.

Tulilalamika wee, mwishowe mili wakamtuma jamaa wa mauzo. Kofia mpya, buti mpya, kasimama pembeni ya mashine akipiga picha kwa simu. Hakugusa hata pete moja. Akaenda ofisini kwa meneja akasema tatizo ni opereta, hatujui kufungua roli. Meneja akaandika.

Haya, ngoja niwaambie nani hajui kazi.

Chuma kikitoka kwenye stendi ya mwisho ya mili, yaani rola za mwisho za kukikandamiza, kimeshakuwa waya, ila bado kinawaka. Kinapita kwenye maboksi ya maji kupunguziwa joto, kinashikwa na rola mbili za kubana, zinakisukuma kuingia leyingi hedi. Hiki ni kichwa kinachozunguka, na ndani yake kuna bomba lililopindwa. Waya unaingia nyuma ukiwa umenyooka, unatokea mbele ukiwa pete, na pete zinaangukia kwenye konveya zikilaliana, moja mbele kidogo ya nyingine.

Pete moja kwa kawaida ina kipenyo cha mita 1 na ushee, yaani waya wa kama mita 3.4. Mili ikikimbia mita 50 kwa sekunde, kichwa lazima kizunguke karibu mara 15 kila sekunde, mizunguko kama 900 kwa dakika. Mili za kisasa zinapita mita 100 kwa sekunde, zidisha mwenyewe. Ukubwa wa pete unatokana na kasi mbili tu, ya waya na ya kichwa. Kichwa kikizidi, pete zinakuwa ndogo. Kikipungua, zinakuwa kubwa. Roli la tani 1 la milimita 5.5 lina zaidi ya kilomita 5 za waya, pete kama 1,600. Kasi ikichezacheza katikati ya roli mnatupa pete za kila saizi zimechanganyika humo, halafu mnasema hatujui kufungua.

Na hilo bomba ndilo kiini cha uzi huu. Fikirieni, waya wa joto la karibu nyuzi 900 unasugua ukuta wa bomba kwa kasi hiyo, tena una magamba ya chuma kilichoungua ambayo yanakwangua kama msasa. Bomba linalika kwa ndani, hasa upande wa nje wa kona ambako waya unaegemea. Linachimbika mfereji. Mfereji ukishakuwa na kina, waya haufuati tena njia iliyokusudiwa, pete zinatoka za yai, zinaangukia pembeni ya konveya badala ya katikati, kichwa kinapoteza mizani kinaanza kutetemeka, na mtetemo unakula beringi. Hakuna uchawi hapo. Bomba la leyingi hedi ni kitu cha kulika, mnatakiwa muwe na la akiba stoo, mnahesabu tani zilizopita, mnabadilisha kabla halijaharibika. Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi mili (sio hiyo, nyingine) aliniambia kwao bosi alikuwa anasubiri mpaka litoboke. Linatoboka waya mwekundu unachomoka ubavuni, watu wanakimbia, ndipo linabadilishwa. Kuokoa bomba moja!

Tena pete zikifika mwisho wa konveya zinadondokea kwenye pipa la kukusanyia, katikati kuna mlingoti. Mili inayojiheshimu ina mkono unaozunguka juu ya pipa, unasambaza pete zikae duara lote, roli linapanda sawasawa. Mkono huo ukikwama, pete zinarundikana upande mmoja, roli linakuwa na nundu na bonde. Ukiona roli lina tumbo upande mmoja ujue hapo pipani hapakuwa na mtu, au mtu alikuwepo akaambiwa "endelea tu".

Halafu kuna ncha. Hii inaniuma kuliko zote maana huu ni wizi. Ncha ya mbele na mkia wa kila roli haupati maji kama katikati, na kipimo chake hakitulii, unakuta unene tofauti. Mkia ndiyo balaa, maana ukishatoka kwenye stendi ya mwisho kinachoushika ni zile rola za kubana peke yake, na zikilegea mkia unacheza, pete za mwisho zinatoka ovyo. Kila mtu wa mili anajua pete kadhaa za mbele na za nyuma lazima zikatwe zirudi tanuruni. Sasa hawa hawakati. Kila pete ya milimita 5.5 ina zaidi ya nusu kilo. Kata chache huku na chache kule, zidisha kwa maroli ya mwezi, unaona hela waliyotuuzia kama waya kumbe ni mabaki. Hayo mabaki yakifika kwenye dai yangu yanaipasua, na dai haiokotwi barabarani.

Kupoza nako. Waya wa misumari ni chuma chenye kaboni kidogo, unatakiwa upoe taratibu ili uwe laini. Konveya ya Stelmor, hiyo hiyo pete zinapoangukia na kupozwa, ina mifuniko kwa kazi hiyo, unafunika, feni unaziacha zimezimwa, chuma kinapoa kwa nafasi yake. Feni ni za waya wa kaboni nyingi. Mfumo huu Stelco ya Kanada na Morgan ya Massachusetts waliutengeneza miaka ya 1960, kwa sababu zamani waya ulikuwa unakunjwa moja kwa moja ukiwa mwekundu, upande wa nje wa roli unapoa haraka wa ndani unachelewa, unapata roli moja lenye tabia mbili. Dunia imeshatatua hili muda wote huo, halafu wewe leo unaniletea roli ambalo kipande kimoja ni laini na kingine kinavunjika ukikikunja kwa koleo? Mnafungua mifuniko mnapuliza feni ili mzigo upoe haraka upakiwe haraka. Msikatae. Waya unasema wenyewe kwenye dai.

Vifungio sitavichelewesha. Roli lifungwe sehemu nne baada ya kukandamizwa na mashine. Letu linakuja limefungwa mbili, limelegea, folklifti imeshalichoma uma katikati, pete za nje zimelala kama nyasi zilizopitiwa na lori. Kibandiko cha namba ya chuma hakuna, kwa hiyo hata ukitaka kulalamika kwa ushahidi hujui roli hili limetoka bileti gani, yaani kipande gani cha chuma kilichoviringishwa.

Juzi kati mwenzangu ameumia. Fundo lilipanda, yeye alikuwa karibu na jicho akijaribu kulitengua kwa chuma kabla halijakaba, pete ikajifunga kwenye kiganja chake. Glavu ilibaki mle ndani, imekunjwa pamoja na waya. Vidole viwili vimeshonwa, na daktari amemwambia asubiri kuona kama kimoja kitakunjika tena. Kwenye mashine ile kuna swichi ya usalama, fundo likifika juu linasukuma mkono wa swichi, mashine inazima yenyewe. Yetu imefungwa kwa kipande cha waya isifanye kazi, kwa amri, kwa sababu na maroli haya ingezima mashine kutwa nzima na tani zisingefika. Kwa hiyo bosi wangu naye simwachi. Mili inaleta takataka, bosi anazipokea kwa kuwa bei ni ya chini, na anayeweka mkono katikati ni mtu wa kulipwa kwa tani.

NYONGEZA 1: Naona wengi mmekuja juu. Mkuu uliyesema "labda kweli opereta hamjui", swali zuri, jibu hili hapa. Tumewahi kuvuta mzigo wa nje, uliokuja kwa meli. Mashine ile ile, dai zile zile, sisi wale wale. Roli linaisha juu mpaka chini, unasimama pembeni unakunywa chai. Tulijifunza kufungua roli siku hiyo tu, halafu tukasahau?

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kwa nini tusiendelee na mzigo wa nje: mimi sinunui, mkuu, mimi navuta. Mzigo wa nje unataka dola, unataka uagize kwa wingi, unakaa baharini. Wa hapa leo unapiga simu kesho uko getini. Na mimi nataka wa hapa. Chuma chakavu kinaokotwa hapa, kinayeyushwa hapa, watu wetu wanapata ajira. Ndiyo maana nina hasira, ningekuwa sijali nisingeandika yote haya.

NYONGEZA 3: Kuhusu kwenda TBS, watu wa viwango. Mtu wa maabara atakata kipande kifupi, atapima unene, atakivuta mpaka kikatike, atasoma namba. Kipande kifupi kikinyooshwa mezani hakioneshi roli limevurugika. Akichukua cha katikati ya roli atakuta kizuri, akichukua cha mkiani atakuta kingine. Ningependa aje asimame kwenye mashine saa moja tu, roli likifunguliwa mbele yake kuanzia ncha hadi mkia. Nimemwambia meneja aombe hivyo kwa maandishi. Kasema ataangalia.

NYONGEZA 4: Jamaa unayesema nimetumwa na washindani, nitumie basi hiyo hela waliyonilipa, sijaiona.

Tunachotaka hakihitaji mkutano wa wakurugenzi. Kateni ncha na mkia. Fungeni roli sehemu nne. Wekeni kibandiko chenye namba. Ule mkono wa pipani utengenezwe. Na bosi wangu afungue ile swichi leo hii, tani zikipungua apigie simu mili awaulize kwa nini, asimkate mtu mshahara. Roli likirudi mara tatu kwa gharama zao mtaona bomba linapatikana haraka.

Najua humu kuna watu wa mili, mnasoma kimyakimya. Njooni mjibu hapa bila majina: kwenu bomba la leyingi hedi linatolewa kwa hesabu ya tani, au mnasubiri litoboke?