Mkono wangu sentimita 15.5, saa milimita 42: niiuze au nivumilie?

MkonoMwembamba
Wakuu, naombeni ushauri, jambo hili linaninyima raha. Nimejibana miaka sita nikanunua Omega Speedmaster, ile ya kutia ufunguo kwa mkono. Nimeitamani tangu niko sekondari, niliposoma kwamba saa ya aina hiyo ilivaliwa mwezini mwaka 1969. Kila siku saa moja asubuhi naitia ufunguo nikiwa nimeivaa, nasikia meno yake yakigonga taratibu kwenye vidole, na moyo unatulia.

Kasheshe ni kushinda nayo. Mzunguko wa kifundo cha mkono wangu ni sentimita 15.5. Ikifika mchana saa imeshalala upande wa nje, na kile kitufe cha kutilia ufunguo kinachimba mgongo wa kiganja. Kinaacha kiduara chekundu, hata alama za meno yake zinahesabika. Nikikaza cheni mkono unavimba, nikilegeza saa inazunguka. Nawaza kuiuza nichukue Rolex Explorer ya milimita 36, au Speedmaster ile ndogo ya 39.7. Wenzangu wenye mikono midogo, mnaishi nazo vipi?

Pingili
Pole sana mkuu. Kabla hujauza, shika rula. Kipenyo kiache kwanza. Pima toka ncha ya sikio la juu, pale cheni inapoanzia, hadi ncha ya sikio la chini. Yako itakuwa kwenye 47 au 48. Kisha pima ubapa wa juu wa kifundo, ukingo hadi ukingo. Masikio yakiishia ndani ya ubapa, unaweza kuivaa. Yakitokeza nje, hata ubadilishe mikanda kumi haitakaa.

Na hiyo ya 39.7 usiikimbilie. Uso umepungua, lakini urefu wa masikio ni karibu uleule, kama 48. Utabadilisha saa, shida itabaki palepale.

Tiktaki
Mimi nitasema tofauti: uza. Nilivumilia saa ya kuzamia ya milimita 44 kwa miaka miwili nikijiambia nitaizoea. Sikuizoea. Ilikuwa inalala kabatini, naitazama tu. Nikahamia 36 na sasa nasahau kabisa kama nimevaa kitu. Kumbuka Rolex wenyewe waliipandisha Explorer hadi 39, kisha mwaka 2021 wakaileta tena ya 36. Saa usiyoivaa inauma kuliko uliyoiuza.

FundiSaa
Ndugu, kabla ya kuuza nijibu hivi: cheni ilipunguzwaje? Igeuze, hesabu pingili kila upande wa kifungo, toka kifungo hadi kichwa cha saa.

MkonoMwembamba
Asanteni wote. Ubapa nimepata milimita 51, masikio 48, kwa hiyo yamo ndani kwa kubanana. Fundi, nimehesabu: upande wa namba 6 una pingili tatu zaidi ya upande wa namba 12. Niliponunulia walitoa zote upande mmoja, nikaona ndivyo inavyofanywa.

FundiSaa
Hapo ndipo penye ugonjwa. Kwa mkono mdogo, upande wa namba 6 ndio huwa mfupi, ili kifungo kikae katikati chini ya mkono. Kikihama, kinaivuta saa pembeni siku nzima, na kitufe kinakufuata kiganjani. Hamisha pingili mbili kutoka upande wa 6 kwenda upande wa 12. Halafu ivae juu ya ule mfupa unaojitokeza upande wa kidole kidogo, upande wa kiwiko. Wengi huivaa chini ya mfupa, karibu na kiganja, ndiyo maana wanachimbwa.

Na nakuomba, asubuhi ivue kwanza ndipo uitie ufunguo. Ikiwa mkononi unakisukuma pembeni kile kijiti cha ndani kinachoshika kitufe, kinachoka bure. Ukihisi imekaza, acha hapo hapo.

DadaMishale
Niongeze la picha, maana najua na wewe unajipiga. Simu ikiwa karibu inakuza kilicho mbele yake, saa inaonekana kama sahani. Simama mbele ya kioo, hatua mbili nyuma. Ndivyo wengine wanavyokuona. Mkono wangu ni 15 na nimelia bure kwa ajili ya picha.

MkonoMwembamba
Wakuu, narudi baada ya siku tano. Pingili zimehamishwa na saa naivaa juu ya mfupa. Kile kiduara chekundu kimefutika. Mchana joto likipanda bado inabana kidogo, ila haipinduki tena. Siuzi. Sasa nataka mkanda wa milimita 20 kwa siku za joto, nichukue wa ngozi au ule wa kitambaa unaopita chini ya saa?

Pingili
Ngozi, na uulizie mkanda mfupi, maana wa kawaida mkia wake utakuzunguka mkono mzima. Ule wa kitambaa unaweka tabaka mbili chini ya saa, inainuka, na yako tayari ni nene.