CT scan ya kichwa "iko safi", basi nimepona? Wiki ya tisa hii, nimechoka kuitwa mvivu!

Wakuu, leo niacheni niteme nyongo.

Wiki ya tisa tangu boda niliyopanda iteleze kwenye mchanga pale Tabata, nikadondokea kisogo. Helmeti ilikuwepo, ndiyo, imening'inia kwenye usukani kama pambo. Nilizimika kidogo. Nilipozinduka, namuuliza dereva kila dakika: "Simu yangu iko wapi?" Nimeishika mkononi.

Hospitali nikapigwa CT scan, hela nimekopa kikoba. Daktari akaangalia: damu haijavuja, fuvu halijapasuka, uko sawa mama, nenda nyumbani. Dawa za maumivu, kwaheri. Hata kuniambia nikitapika mfululizo au nikilala nisiamshike nirudishwe mbio, hakuna!

Wiki ya sita ndiyo kliniki nyingine ikanifungua macho. Picha ile inatafuta damu na mifupa iliyovunjika. Mtikisiko wa ubongo wenyewe, ndio huu ulionipata, kwa kawaida hauonekani humo. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hadi mwezi, ila wapo wanaofika miezi mitatu na kupitiliza. Kuniambia hivyo siku ya kwanza kungemgharimu nini?

Maana nilidhani nawehuka. Mimi ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, na jirani yetu ni fundi wa kuchomelea. Grenda ikianza kulia, nasikia kama inakata meno yangu. Taa za dukani zinanichoma macho. Juzi nimehesabu bunda moja la elfu kumi kumi mara tatu: 870,000, 910,000, 880,000. Nikamwachia dogo wa stoo, nikaenda kulia nyuma ya mabati. Bosi kanifuata huko huko: "Mbona hicho kichwa hakina hata plasta?" Mwisho wa mwezi kakata siku nne.

Mpira, tangu 2024 sheria zinaruhusu mashindano kuipa timu badiliko la ziada mchezaji akitikisika ubongo. Keshia avumilie!

Nyumbani nako kila mtu daktari. Mama mkwe anasema nimetupiwa jini (tuliache hilo, atasoma mtu ampelekee). Jirani akanishauri nijifungie gizani, nikakaa siku kumi na moja, nikatoka hoi kuliko nilivyoingia. Kumbe kupumzika hasa ni siku moja mbili za mwanzo, kisha unaanza kutembea mdogo mdogo, dalili zikipanda unapunguza. Na vidonge nilivyokuwa nabugia kila siku, vikizidi navyo vinaleta maumivu ya kichwa yake. Yaani nimejilipia ugonjwa kwa hela yangu.

Mliopitia hili naomba mnijibu. Muziki wa daladala mlianza kuuvumilia wiki ya ngapi? Na kuna aliyewahi kupata barua ya daktari ya kupunguziwa saa za kazi, bosi akaikubali? Wa "pole, kunywa maji mengi" pita kushoto.

Nikichelewa kujibu msininunie. Huu uzi nimeuandika kwa awamu nne, skrini nimeififisha mpaka mwisho.